Hisa ya Asiyekuwepo

Kuna siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu: siku Mzee Tito, msimamizi wa kinu chetu, aliposimama mbele ya mapipa ya mawese, akavua kofia, akatuambia kwamba faida aliyotutangazia msimu uliopita haikuwa faida. Nilikuwa bado msichana kwa miaka, ingawa nilishaitwa mama wa mtu. Nilisimama karibu na mlango wa kinu, dumu mkononi, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba sasa nimepata sababu ya kuuza hisa.

Nayakumbuka hayo kwa ajili ya swali lako la jana. Umekuja kutoka Bujumbura na simu yako, ukaniambia kampuni uliyonunua hisa zake pamoja na yule binti wa kule Gitaza imetoa tangazo: hesabu za mwaka jana zilikosewa, zimefanywa upya, na faida imepungua. Watu wanauza. Wewe umekaa kwenye mkeka wangu, hata kitoweo cha ndagala hujagusa, unaniuliza, "Bibi, niuze au nisiuze?" Kuuliza si ujinga, lakini umenichekesha kidogo, maana kampuni yenyewe siijui, na jina lake limenishinda kutamka. Hisa naijua. Nimeishi na moja tu maisha yangu yote, na hata hiyo si yangu.

Kabla ya vita, watu wa mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge waliungana na majirani wa milimani wakanunua kinu cha kukamulia mawese. Kila aliyetoa chochote alipewa hisa. Waliosoma Kifaransa waliita aksyoni, sisi tukaita hisa, na mafuta hayakujali. Babu yako Ismaili aliuza mtumbwi wake kwa wavuvi wa Magara, na fedha yote ikaingia kwenye kinu. Nilimnunia siku nyingi. Mtumbwi ulikuwa unatuletea kitoweo, nikamwambia, na mashine ya chuma haikaangwi. Alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka mahali ambapo wengine wangejitetea, na hilo lilikuwa linaniudhi sana, na sasa ningetoa chochote kuudhiwa hivyo tena.

Kinu kilikuwa na desturi yake. Siku ya mgawo, msimamizi alisimama penye mapipa akaita wenye hisa mmoja mmoja kwa jina kamili. Mwenye jina aliitika, "Iko!", yaani yupo, akaja na dumu lake, akapimiwa mafuta na kupewa sehemu yake ya faida. Aliyekuwa safarini au mgonjwa aliitikiwa na mtu wa nyumbani kwake. Aliyeuza hisa yake alisema mbele ya wote, "Nimeuza," na tangu hapo jina lake halikuitwa tena. Wakati wa amani desturi hiyo ilikuwa kama mchezo. Mtu akichelewa, wenzake walimwitikia kwa sauti ya kike, na kicheko kilifika barabarani. Mimi niliipenda siku hiyo kwa sababu ndipo nilipolisikia jina la mume wangu. Nyumbani nilimwita Baba Zuhura, kama heshima inavyotaka. Kinuni aliitwa Ismaili Kasimu, nami nilisimama nyuma nikijidai siangalii.

Kisha vita vikaja. Vita vyenyewe sitakusimulia. Wanaojua kuvisimulia vizuri mara nyingi hawakuviona. Nitakwambia tu juu ya asubuhi ile milio ilipotoka milimani na watu wakamiminika ufukweni. Wifi yangu, dada yake Ismaili, alikuwa na watoto wadogo, na mume wake hakuwepo. Ismaili akaazima mtumbwi wa jirani ili awavushe kwa njia ya ziwa hadi Tanzania, upande wa Kigoma. Mimi nilikuwa na homa, Zuhura, mama yako, alikuwa ananyonya bado, na mama mkwe wangu alikataa katakata kutoka nyumbani kwake. Ismaili akasema atawafikisha wale kwanza, kisha atarudi kutuchukua. Alikuwa amevaa shati la bluu lililopasuka begani, ambalo nilikuwa nimeahidi kulishona. Mpaka leo nikimwona mtu ana mpasuko begani, mkono wangu unatafuta sindano.

Wifi yangu na watoto wake walifika salama. Baadaye sana walituma salamu kutoka kambini, wakasema Ismaili aliwashusha, akanywa maji, akageuza mtumbwi. Habari zake ziliishia hapo.

Siku ya mgawo jina lake likaitwa, nami nikaitika, "Iko." Mgawo uliofuata nikaitika tena, na uliofuata huo pia. Sikuwa peke yangu. Ilifika wakati sauti za wanawake na watoto zikawa nyingi pale kinuni kuliko za wanaume, na hakuna aliyetania tena. Kumwitikia mtu ni kazi, mwanangu. Kinywa kinasema yupo, na macho yanazunguka kiwanja kizima hayamwoni.

Sasa nikueleze kosa la mafuta, maana ndilo linalofanana na la kampuni yako. Mawese yakitoka kukamuliwa na kupikwa yana maji na mashapo ndani yake. Yangali ya moto huwezi kuona kitu. Pipa limejaa, linapendeza. Yakiachwa yatulie, maji na mashapo hushuka chini, mafuta safi hubaki juu, na hapo ndipo unapojua una nini. Wazee wetu hawakupima kamwe mafuta ambayo hayajatulia. Lakini vita vilikuwa vimefunga barabara ya Bujumbura. Magari yalipita kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi, na hakuna aliyejua msafara utatoka lini. Ukisikia upo, unapakia ulicho nacho. Basi kinu chetu kikaanza kupima mafuta ya moto, kikahesabu mapipa yangali ya moto, na faida ikatangazwa kwa hesabu hiyo. Tukagawana kwa furaha. Mimi nilinunua kitenge, tena cha maua makubwa.

Kule mjini mnunuzi aliyafungua mapipa yakiwa yametulia, akakuta maji chini, akakata bei. Habari zilichelewa kutufikia kwa sababu ya barabara. Zilipofika, zilimfikia Mzee Tito peke yake, yeye aliyekuwa msimamizi wetu. Alikuwa Mkristo, mzaliwa wa ng'ambo, Kongo, upande wa Fizi, mtu mrefu asiyependa kuongea mbele za watu. Siku ile aliongea.

"Ile faida nilibaambia haikuwa ya kweli," alisema, kwa Kiswahili chake cha Kongo ambamo "wa" huwa "ba". "Tulihesabu maji pamoja na mafuta. Tukagawana kitu hatukuwa nacho. Sasa mutapata kidogo, na msimu wenye unakuja vilevile, mpaka tuzibe ile pengo."

Ungesikia kelele zilizofuata. Mmoja akasema mafuta hayana miguu, basi atuambie nani aliyakimbiza. Mwingine akakumbusha kwamba Tito ni mtu wa kuja. Siku zile neno kama hilo halikuwa utani. Neno dogo lilikuwa linaweza kumtoa mtu nyumbani kwake asirudi. Yeye alisimama akishika kofia yake mpaka tukachoka wenyewe.

Haukupita muda akaja mfanyabiashara mmoja wa Kabezi, mwenye pikapu na jamaa zake kwenye misafara, kununua hisa za walioogopa. Sitamsema vibaya. Hakumshika mtu mkono kwa nguvu, na bei yake, ingawa ilikuwa ndogo, ilikuwa fedha taslimu, na njaa haingoji msimu. Wengi waliuza. Alipofika kwangu nilimwambia na mimi nauza, na kwamba siku ya mgawo nitatangaza. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Ningehamia Buyenzi, mjini Bujumbura, kwa kaka yangu, nianze kuuza vitenge, nisilione tena ziwa hili kila asubuhi ninapofungua mlango.

Ilibaki kumwambia mama mkwe wangu, Bi Mwajuma. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkubwa wa ulimi. Tangu mwanawe aondoke hakuwahi kukanyaga kinuni. Alisema moshi wa kule unamwumiza macho, nasi tukamwachia moshi wake. Nilimkuta anachagua maharage, nikaketi, nikamweleza maji, mashapo, Tito, bei na Buyenzi. Niliongea mno. Mtu mwenye sababu ya kweli haongei hivyo. Nikamalizia kwa methali, maana nilijua anazipenda: asiyekuwepo na lake halipo.

Hakuacha kuchagua maharage yake.

"Mama Zuhura," akasema, "we unauza mafuta, ao unauza kuitika?"

Akatupa kijiwe pembeni, akaendelea.

"Kama ni mafuta, mafuta iko kinuni, enda uangalie. Kama umechoka kuitikia mutoto wangu, uza. Sitakuhukumu. Miye mwenyewe sikuweza hata siku moja. Lakini usiseme ni mafuta."

Nilikasirika, mwanangu, kama anavyokasirika mtu aliyeshikwa. Nilitoka nikaenda kusimama uani, na hapo nikajikubalia mwenyewe jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Nilikuwa nimemkumbuka mume wangu kiasi kwamba nilianza kumchukia kidogo. Nilikumbuka alivyokohoa nje kabla ya kuingia ili nijue ni yeye. Nilikumbuka alivyoniachia kichwa cha samaki akidai hakipendi, na kumbe alikipenda, mama yake ndiye aliyekuja kuniambia. Kila nilipoitika kinuni alikuwa hai tena kwa siku chache, nikampigia nyumba deki, nikamtengea sahani. Kisha alianza kufifia, polepole, mpaka mgawo mwingine. Nilitaka wamfute nipumzike. Kosa la Mzee Tito lilinijia kama ruhusa.

Asubuhi yake nikaenda kuangalia mafuta. Nilimkuta Mzee Tito anachochea kuni, na kinuni hapakuwa na mtu mwingine, maana siku zile watu walikuwa wanampita njiani bila salamu. Nikamwambia nataka kuona. Hakuuliza ninataka kuona nini. Alinipeleka kwenye pipa lililokuwa limetulia, akalegeza kizibo cha chini. Yakatoka maji machafu, kisha mashapo mazito, yakaendelea kutoka mpaka nikaanza kuhuzunika. Halafu rangi ikabadilika. Yakaja mawese mekundu, safi, yanang'aa, naye akafunga. Pipa lilikuwa limepungua, lakini halikuwa tupu, wala halikukaribia kuwa tupu. Nikamwona mtu aliyekosea kwa haraka ya vita. Mwizi sikumwona.

Nikamwuliza kwa nini alituambia. Barabara imefungwa, mnunuzi yuko mbali, nani angejua? Angeziba pengo kimyakimya, kidogokidogo, na jina lake lisiguswe.

Alirudi kuchochea kuni zake. "Nikidanganya mutu mwenye iko hapa, kesho tutagombana, tutamaliza," alisema. "Lakini haya majina ninaita, wengi benyewe habako. Nikibaibia bale, nani ataniuliza? Ile ndio iliniogopesha."

Nilirudi nyumbani nikiiwaza methali yangu. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wahenga walivyosema, na nimeishi vya kutosha kujua kwamba mara nyingi ni kweli. Viwanja vya walioondoka vilikuwa vinalimwa na wengine, nyumba zao zilikuwa zinakaliwa. Katika mji wote huu mahali pamoja tu mtu asiyekuwepo alikuwa bado anapimiwa mafuta yake, na mimi nilikuwa nimetaka kwenda kutangaza kwamba wa kwangu asipimiwe tena.

Siku ya mgawo nilikwenda nikiwa nimeamua kuitika. Yule mfanyabiashara alikuwepo, amejiegemeza kwenye pikapu yake. Majina yakaitwa. Wengine walisema "nimeuza" wakitazama chini. Kisha Mzee Tito akaita: "Ismaili Kasimu."

Nikafungua kinywa, na sauti haikutoka. Sikuwa nimebadili nia, naapa. Nadhani ni kwa sababu mara hii nilikuwa nimechagua mwenyewe, na nilichokichagua kilikuwa kumngoja. Mzee Tito akanitazama. Mfanyabiashara akasimama wima. Mzee Tito akaita mara ya pili, taratibu zaidi, na nyuma yangu, ndani ya ule moshi, sauti ya kizee ikasema:

"Iko."

Bi Mwajuma alikuwa amenifuata bila mimi kujua, amejifunga khanga yake ya kwenda msibani, ameshika dumu lingine kana kwamba kulikuwa na mafuta mengi ya kubeba. Alipita mbele yangu akapokea mwenyewe. Yalikuwa mafuta kidogo sana, hayakufika hata nusu ya dumu, na tuliyabeba wawili mpaka nyumbani. Njiani aliniambia moshi ule kweli unaumiza macho. Nikamwambia kweli unaumiza, Mama.

Nisikudanganye kama watu wa hadithi: hatukutajirika. Pengo lilichukua muda kuzibika, na kitenge changu cha maua makubwa nilikivaa mpaka maua yakanyauka. Wapo waliouza wakafanya vizuri. Mmoja alifungua duka Buyenzi na wanawe wanalo bado. Yule wa Kabezi naye alipata faida yake, na alipokutana nami alinisalimia vizuri. Lakini kinu hakikufa. Mzee Tito hakupima tena mafuta ya moto, hata msafara ukiwa umeshawasha injini, na Ismaili, popote alipokuwa, aliweka bati juu ya nyumba hii na kumsomesha mama yako.

Amani ilipokuja, wakimbizi walianza kurudi kutoka Tanzania. Kila niliposikia wanashuka nilikwenda kusimama, na ndani ya khanga nilikuwa na shati la bluu nililolishona kwa mkono wangu. Walishuka wale watoto wa wifi yangu, wakiwa watu wazima wenye ndevu na watoto wao. Walishuka majirani niliokuwa nimeshawalilia. Ismaili hakushuka. Bi Mwajuma, mpaka siku anafariki, alikuwa akisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Basi mimi nimebaki kulinda zizi. Shati liko sandukuni, na kila mwaka nalitoa nalianika.

Haya, turudi kwenye kampuni yako. Tangazo la namna hiyo si habari njema, asikudanganye mtu. Ila kabla hujauza, tazama nani amelitoa na amelitoaje. Kama walikamatwa ndipo wakasema, ondoka na usigeuke. Aliyevutwa kwa kola kuja kusema kweli bado ana uongo mwingine mfukoni. Kama walikuja kwa miguu yao, tena kwa aibu yao, keti kwanza. Haraka ya wengine isiwe yako. Ngoja mafuta yatulie, kisha uangalie kilichobaki, maana watu wengi huuza kwa kukililia kilichopotea, na kilichopotea hakina mnunuzi. Ukiona kilichobaki hakikutoshi, uza, wala hakuna fedheha. Usishike hisa yako eti kwa sababu bibi yako alishika yake. Mimi nilikuwa na jambo jingine.

Na wewe pia unalo, usidhani sikuona. Tangu jana umeitaja kampuni mara chache kuliko ulivyomtaja yule binti wa Gitaza mliyenunua naye, aliyehamia Kigali na sasa hapokei simu. Jiulize, mwanangu, kama alivyoniuliza Bi Mwajuma: unauza hisa, au unauza kungoja? Chochote utakachojibu kinaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kuyasingizia mafuta.

Jumamosi ni siku ya mgawo. Msimamizi sasa ni mtoto wa Mzee Tito, na bado anaita majina yote, ya walio hai na ya wale ambao hatujui tuwaweke wapi. Sauti yangu imechoka. Kaa mpaka Jumamosi, uende wewe, na ukisikia Ismaili Kasimu, itika kwa nguvu, sauti ifike kule aliko.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe moyo wa kukosea na kurudi kusema, na akupe umri mrefu. Na siku nawe utakapoitwa usiwepo, akujalie mtu wa kukuitikia.